Macho Mekundu ya Wifi Yangu Mageni

Wifi yangu Mageni ana macho mekundu. Naanza na hilo kwa kuwa watu wa huku nao huanzia hapo, na wengi huishia hapo hapo. Mimi nitaendelea, maana namjua tangu hatujavunja ungo.

Tulipokuwa wasichana, huku upande wa Bugarama kuni zilikuwa zimekwisha. Miti ilifyekwa, ikabaki pamba na ng'ombe. Tulipikia mashina ya pamba, na mashina yakiisha tunapikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Moshi wa mavi ya ng'ombe haukimbiliki. Ukihamia huku, nao unahamia huku. Mageni alikuwa binti mkubwa wa nyumba yao, kwa hiyo chakula cha watu wote kilipita mikononi mwake na moshi wote ukapita machoni mwake. Kisha akaolewa Nkome, ziwani. Wenzake walidhani ameenda kupumzika. Akapewa kazi ya kubanika samaki.

Mumewe alipofariki alirudi kwa baba yake na sufuria zake kichwani. Kaka yake Jilala, aliyekuwa mume wangu, akamkatia eneo upande wa pili wa uzio wetu wa minyaa. Baadaye Jilala naye akatangulia. Tukabaki wajane wawili na uzio katikati, na kila asubuhi tunatukanana kama mawifi wanavyopaswa.

"Mama Ndaki! Umeamka au umekufa?"

"Nikifa nitakutuma ukanichimbie kaburi, una mikono ya koleo. Mwangaluka."

"Mwangaluka. Leta chumvi, bahili wewe."

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu: matusi, na mwangaluka, yaani umeamkaje kwa Kisukuma. Asiyetujua alidhani tunagombana.

Wachimbaji wadogo walipofungua maduara yao, yaani mashimo ya dhahabu, nyuma ya kilima, Mageni alikuwa wa kwanza kuwapelekea chakula. Akajenga kibanda cha nyasi njiani, akapika ugali, dagaa, maharage, na asubuhi michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga. Wachimbaji wale tunawaita wanaapolo. Wametoka kila pembe ya nchi, Waislamu na Wakristo, na kila mmoja anasema kwao ndiko wanakojua kupika. Mageni aliwajibu, "Kwenu wanajua kupika, ndiyo maana mkakimbia?" Wakacheka, wakala. Walimwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma, hata wale ambao Kisukuma chao ni neno hilo moja tu.

Lakini bibi mwenye macho mekundu huku kwetu anajua namna anavyotazamwa, kama mchawi. Wapo waliotazamwa hivyo na hawakufika mavuno yaliyofuata. Sitasema zaidi. Wa huku anajua, na wa mbali ameshaelewa.

Basi ukaja mwaka ule macho mekundu yalipoenea nchini. Huku kwetu yaliletwa na Donatus, mwanaapolo mmoja mrefu, mcheshi, anayependa sherehe. Alikwenda harusini Ngokolo, mjini Shinyanga, akarudi na jicho moja linawasha. Asubuhi yake alikula michembe kwa Mageni. Jioni macho yote mawili yalikuwa yamevimba, yanatoa machozi na utando, hawezi kutazama jua.

Mle maduarani watu hufanya kazi kwa zamu, na kila zamu ina kitambaa cha kufutia jasho. Kinaning'inia mdomoni mwa shimo. Anayetoka anajifuta, anayeingia anajifuta. Haikuchukua muda, wanaapolo wote wa duara lile wakawa wanapapasa njia. Hakuna aliyesema kitambaa. Walisema, "Donatus alikula wapi asubuhi ile?"

Aliyelisema kwa sauti kubwa kuliko wote ni Maduhu, kamanda wa sungusungu, wale walinzi wetu wa jadi. Maduhu namjua. Mama yake alipougua baada ya kumzaa, Mageni ndiye aliyembeba mgongoni. Sasa ana tumbo na filimbi, akiipuliza watu wanakuja.

Aliipuliza. Tukakusanyika uwanjani. Akasema, "Macho yanaangaliana. Mwenye macho ya namna hii hapa kijijini, tangu zamani, ni nani?"

Watu wakatazama chini. Hakuna aliyetaja jina, na kila mtu alilisikia.

Mageni alisimama. "Maduhu, ukitaka kusema jina langu, litoe kinywani. Usilitafune kama kiporo."

"Mama, mimi sisemi. Kijiji kinasema."

"Kijiji hakina mdomo. Mdomo naouona hapa ni wako, na niliulisha uji."

Wengine walicheka kidogo wakajizuia. Lakini uamuzi ulitoka. Mageni ametengwa. Mtu asimsalimie, asile kwake, asichote naye maji, asimpe moto wala chumvi. Na siku ya mnada ujao wa ng'ombe, jua lisizame akiwa bado kijijini. Arudi Nkome.

"Nkome nina kaburi la mume," alisema Mageni. "Hapa ni kwa baba yangu. Siendi."

Akageuka akaenda zake. Njiani wanawake waliokuwa wakimwamkia tangu utoto walipishana naye kama wanapita nguzo. Hilo ndilo lilimuuma. Aliniambia nyuma ya uzio, "Kufukuzwa nitapambana nako. Lakini wifi, kupita kwa mtu niliyemkata kitovu, asinipe hata shikamoo, hiyo ni sawa na kunizika."

Mimi sikutii. Sikuzaliwa kumtii mtoto mwenye filimbi. Niliendelea kumtukana wifi yangu kila asubuhi juu ya minyaa, kwa sauti, ili wote wasikie. Waliponitishia faini niliwaambia waje waichukue wenyewe jikoni kwangu, na waje wakiwa wameaga kwao.

Maduhu akaenda kumleta mganga kutoka mbali. Mganga alikuja na chungu cha dawa ya majani na unyoya mmoja wa jogoo mwekundu. Kijiji kizima kikapanga mstari, wagonjwa na wazima, wakubwa na watoto. Anachovya unyoya chunguni, anapaka jicho la huyu, anachovya, anapaka la yule. Unyoya ule ule, chungu kile kile. Mageni alizuiwa kusogea, maana akiutazama mstari dawa itakufa. Mimi sikwenda, siyo kwa hekima yoyote, ila kwa sababu aliyeniita alikuwa Maduhu. Mjukuu wangu Rebeka alipelekwa na mama yake.

Mganga alipoondoka aliacha unyoya. Maduhu akautundika juu ya mlango wake kuwa kinga.

Siku chache baadaye, kijiji kilifumba macho. Waliokwenda mstarini wakiwa wazima waliamka kope zimegandana. Hata Maduhu mwenyewe alishikwa mkono na mkewe kwenda chooni. Rebeka alilala kitandani kwangu, akajifuta kwa kanga yangu, na mimi nikapata. Nilipokwenda uzioni, Mageni aliniangalia akapiga kofi paja lake.

"Ehe! Simama hapo hapo. Usivuke. Leo mchawi ni wewe."

"Cheka tu. Likikupata nitakuja kukucheka."

"Halinipati. Nani atanipa? Sina hata wa kunishika mkono."

Tulicheka mpaka machozi, na mimi machozi yalikuwa tayari.

Lakini kijijini hawakucheka. Walisema amekasirika, ameongeza dozi. Kuna asubuhi alikuta miiba imerundikwa langoni kwake. Nilichukua kigoda na mpini wa jembe nikakaa pale kwenye lango lake, nje, mbali naye kama alivyoniamuru. Sikuwa naona vizuri, lakini mpini hauhitaji kuona.

Hapo ndipo alipokuja Daktari Eunice. Yeye na wenzake walikuwa kwenye zahanati ya kata muda mrefu, wakichunguza kirusi kinachoitwa adenovirusi. Neno hilo alinitamkia mpaka likanikaa mdomoni. Walikuwa wanapima watoto wanaokohoa na wanaoharisha, wajue ni wangapi wanaugua kwa sababu yake. Waliposikia macho yetu, wakafungasha vifaa wakaja shuleni kwetu na kisanduku cha barafu.

Ni mwanamke mfupi, anaongea taratibu. Alieleza kwamba atapitisha kijiti chenye pamba ndani ya kope ya chini, kila mtu kijiti chake, atakitia kwenye kichupa, kitaenda maabara Mwanza. Asiyetaka hashurutishwi. Watu wakapanga mstari kwa woga. Walikuwa wameshachoka.

Mara shingo zikageuka mstarini. Mageni alikuwa anakuja katikati ya uwanja, amevaa kitenge chake cha kanisani. Watu wakampisha kama wanavyompisha ng'ombe mkali.

"Huyo hapimwi," alisema Maduhu, macho yamevimba kama maandazi. "Ametengwa."

Daktari hakuinua hata kichwa. "Kijiti changu hakijui aliyetengwa. Kaa, mama. Shikamoo."

Mageni alishika kiti. Ilikuwa shikamoo ya kwanza tangu mkutano ule, na imetoka kwa mgeni.

"Marahaba, mwanangu," alisema mwisho. "Rudia tena, nilikuwa sijajiandaa."

Daktari akacheka, akarudia. Akamgeuza kope kwa kidole kilichovaa glavu, akamulika. "Mama, macho haya yameanza lini?"

"Kabla hujazaliwa."

"Yanachoma? Kama mchanga?"

"Kama mchanga, kama pilipili, inategemea siku."

Daktari akaandika. Kisha akawauliza watu walivyojitibu. Wakamweleza wote kwa pamoja, chungu, mstari, unyoya. Akainua uso. "Unyoya huo uko wapi?"

Maduhu alisita, lakini mkewe alishaonyesha mlango. Daktari akaenda na glavu zake, akaupitishia kijiti unyoya kama alivyofanya kwenye jicho la mtu. Watoto walicheka: jogoo naye anapimwa!

Baada ya hapo ni kungoja. Mnada ulikuwa unakaribia na majibu hayajarudi. Mageni hakufungasha hata kijiko. Alikuwa anafagia uwanja wake asubuhi na jioni, anafagia penye usafi. Mimi nilikuwa langoni na mpini wangu. Sikumuuliza kama anaogopa, naye hakuniuliza. Mara moja tu alisema, "Wifi, wakinitoa, sufuria kubwa ichukue wewe. Ila usiniharibie kwa kupika ule ugali wako."

Siku ya mnada ikafika. Ng'ombe, wachuuzi wa nguo, wanaapolo walioanza kupona wamevaa miwani ya jua kama matajiri. Sungusungu wamesimama na marungu. Jua lilikuwa linapita utosini nilipoliona gari la Daktari Eunice likikata katikati ya mbuzi.

Alipanda juu ya mzani wa kupimia ng'ombe ili aonekane. Akasema majibu yamerudi. Macho haya yameletwa na adenovirusi. Akatueleza kwamba huo ni kama ukoo mkubwa wenye watu wa kila tabia. Kuna anayependa koo na kifua, anakohoza watoto. Kuna anayependa tumbo, anaharisha. Na kuna anayependa jicho, ndiye aliyetutembelea sisi. Dawa ya kumuua hakuna, mwili wenyewe humshinda, mkiuacha upumzike. Haruki hewani kwa kutazamwa. Anasafiri kwa mkono, kwa kitambaa, kwa mto, na kwenye kitu kikavu anaweza kukaa muda mrefu akingoja jicho linalofuata.

"Kitambaa cha duarani," alisema Donatus polepole. "Ee Mungu wangu. Ni mimi niliyekiloanisha."

Mageni alisogea mbele. "Daktari. Na yangu?"

"Majibu ya mtu ni siri yake, mama. Njoo nitakuambia pembeni."

"Pembeni?" Alipaza sauti mpaka wauza ng'ombe wakageuka. "Nilipotuhumiwa, nilituhumiwa pembeni? Nilipotengwa, nilitengwa pembeni? Macho haya ni yangu, na siri ni yangu, na mimi naifungua. Soma hapo hapo ulipo!"

"Una uhakika, mama?"

"Soma!"

Nilishika mpini kwa mikono miwili. Nikajiambia, kikitajwa kirusi kwenye macho ya Mageni, hawa hawatasikiliza habari za mkono wala kitambaa. Watasikia hilo moja tu, na jua bado lipo.

Daktari akasema, "Kati ya wote wenye macho mekundu niliowapima kijijini hapa, mama huyu ndiye pekee ambaye sikumkuta na kirusi. Hana. Wekundu wake ni wa moshi, na ugonjwa wa zamani wa vikope ambao umezigeuza kope zake zimchome. Hawezi kumwambukiza mtu kitu asichonacho."

Nikasikia ndama akinyonya.

"Na kingine," akasema Daktari. "Ule unyoya. Ule una kirusi. Ulikitoa kwa wagonjwa ukakipeleka kwa wazima, jicho kwa jicho."

Sasa ngojeni niseme lilivyoingia kichwani mwa watu, maana niliwaangalia likiingia. Kijiji kizima kilipakwa unyoya ule isipokuwa mimi niliyekataa na yeye aliyekatazwa kusogea. Kijiji kizima kilishikana mikono, kikanawa kwenye beseni moja, isipokuwa aliyenyimwa mkono na maji. Walimfungia Mageni nje, kumbe waliufungia ugonjwa usimfikie.

Donatus ndiye aliyeanza kucheka. Alivua miwani yake ya jua akapiga kelele, "Mchawi amepatikana! Ametundikwa mlangoni kwa kamanda!"

Uwanja ukalipuka. Wanawake walipiga vigelegele, wanaapolo wakapiga miluzi, na mimi nikapiga chini mpini wangu mpaka ukapasuka. Nikapaza sauti, "Huyo ni wifi yangu! Huyo!" kana kwamba kuna aliyekuwa hamjui.

Maduhu alibaki amesimama na filimbi shingoni. Kwa desturi ya sungusungu, anayemsingizia mtu humlipa mnyama. Maduhu hakungoja kuambiwa. Alimshika mbuzi jike mnene sokoni hapo hapo, akamvuta mpaka mbele ya Mageni. Si kila mwanamume mwenye filimbi angefanya hivyo mbele ya mnada mzima. Hilo nampa.

"Mayu, nimekosa. Mchukue huyu."

Mageni alimtazama mbuzi, akamtazama Maduhu. "Mbuzi nitamfanyia nini? Anisalimie?"

"Unataka nini basi, Mayu?"

"Nataka shikamoo zangu. Zote mlizoninyima. Mtu mmoja mmoja, na kila mmoja anitazame machoni. Haya haya mekundu."

Daktari akasema kwa mbali, "Lakini msishikane mikono!"

"Sitaki mikono yenu, mnayo adenovirusi," alisema Mageni, na neno lile lilimtoka safi kuliko mimi.

Nilimletea kigoda changu. Akaketi katikati ya uwanja wa mnada, kitenge chake cha kanisani kimekunjwa magotini, na kijiji kikapanga mstari kwa mara ya tatu. Wakapita. Wanawake waliopishana naye kama nguzo walipiga magoti mavumbini. "Shikamoo, Mayu." "Marahaba." Wachungaji wa ng'ombe, wauza mitumba, hata wageni wa Kahama ambao hawakuelewa kinachoendelea waliingia mstarini, wakasalimia. Wengine walilia, na safari hii haikuwa macho. Mageni alimjibu kila mmoja. Hakuharakisha hata mmoja. Wale aliowakata kitovu aliwataja majina.

Mimi pia nilipanga mstari. Nilipofika akaniambia, "Wewe toka, wifi hasalimiwi shikamoo. Umekuja kujifanya mdogo?"

Maduhu alikuwa wa mwisho. Alivua filimbi akaitia mfukoni, akapiga magoti na lile tumbo lake. Akasema kwa sauti ndogo.

"Sijasikia," alisema Mageni. "Au na masikio yangu mtasema yana kitu?"

"Shikamoo, Mayu!" Mnada mzima ulisikia.

Mageni alimwacha hapo chini kidogo. Watu wakaanza kutabasamu. Kisha akasema, "Marahaba, mwanangu. Inuka, utachafua suruali, na mkeo haoni vizuri kufua."

Miezi iliyofuata Daktari Eunice alimpeleka hospitali, kope zikarekebishwa. Macho bado ni mekundu, lakini kope hazichomi. Anasema sasa anaona jinsi nilivyozeeka na anajuta kutibiwa. Duarani kila mwanaapolo ana kitambaa chake, na njiani kwenye kibanda cha Mageni pananing'inia kibuyu chirizi cha kunawia mikono na kipande cha sabuni kwenye kamba.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile ya mnada, Maduhu alipoinuka, jua lilikuwa linagusa kilima. Lilikuwa lile jua aliloambiwa lisizame akiwa bado hapa. Mageni alilitazama mpaka likaingia lote. Alisimama, akajipangusa, akawageukia wale watu wote kama mtu anayehesabu vichwa.

"Haya," alisema. "Nani hajala? Nyoosheni mikono huku niwamwagilie. Na kila mtu maji yake."

Wakanyoosha mikono.